Mirmekodia

Mirmekodia (Myrmecodia) ni jenasi ya mimea ya jamaa ya mbuni. Huota juu ya miti mingine pasipo kuinyonya, kuanzia Asia ya Kusini-Mashariki hadi Guinea Mpya na kaskazini mwa Australia, hata kwenye mikoko. Sehemu ya chini ya shina huvimba kama kiazi chenye miiba, na ndani yake mna vyumba na njia nyingi ambamo sisimizi huishi. La kustaajabisha ni kwamba vyumba hivyo havichimbwi na sisimizi: mmea hujitengenezea wenyewe, hata ukikuzwa mahali pasipo na sisimizi hata mmoja. Sisimizi wa jenasi ya Philidris huhamia humo. Hulea mabuu yao kwenye vyumba vyenye kuta nyororo. Kinyesi na mabaki ya wadudu huyatupa kwenye vyumba vyenye kuta za vinundu, na vinundu hivyo hufyonza virutubisho. Kwa mmea usiogusa udongo, hiyo ni mbolea ya thamani kubwa.

Bustanini, mbegu hupandwa zikiwa mbichi, kwenye makumbi ya nazi au vipande vya magome vinavyopitisha maji upesi, penye joto na unyevu. Mbolea hafifu ya maji hutosha pasipo sisimizi. Kuwaingiza sisimizi wa kigeni hakufai, kwani wakitoroka huweza kuwadhuru wadudu wa kienyeji.