Ua la Pareto na Mikono Inayolichuma

Hapa Mlandege, Iringa mjini, ukiingia duka la dawa na kusema unawashwa, muuzaji atakuuliza kama nyumbani kuna wengine wanaowashwa. Ni swali la maana. Mkiwashwa wote, zaidi usiku, zaidi katikati ya vidole, yaelekea ni upele, na upele una mdudu wake. Ukiwashwa peke yako, mambo yanakuwa magumu, kwa sababu ngozi ya mtu mmoja inaweza kukataa kitu ambacho wenzake watano wanakishika kila siku bila shida. Huo ndio mzio, au aleji kama tunavyosema mtaani.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia, na ninachosomea ni pareto. Maandishi kuhusu zao hili yamejaa tani, bei na bodi. Ngozi haimo. Ajabu, kwa sababu ukiliangalia vizuri, ni zao lililoishi kwenye ngozi za watu tangu mwanzo: lilitafutwa duniani kote kwa kuwa linaua chawa, viroboto na mbu, wadudu wanaotutafuna sisi, na papo hapo likawa linawasha ngozi za waliolichuma.

Mama mwenye nyumba wangu alikulia Mufindi. Siku moja, baada ya shikamoo na habari za masomo, nilimweleza ninachoandika, naye akakunja mikono ya sweta.

"Pareto? Msimu ukifika tulikuwa tunavimba macho, mwanangu. Vidole vinapasuka, shingo inawaka. Tukaambiwa ni vumbi."

"Mlikuwa wote?"

"Si wote. Dada yangu hakuwahi kuwashwa hata siku moja. Mimi nilionekana mvivu."

Hilo neno la mwisho nimelikumbuka kuliko takwimu yoyote ya mauzo. Mzio wa kugusa una tabia inayomfanya mgonjwa aonekane mwongo. Kwanza unachagua watu. Pili, unachelewa. Mara za mwanzo unapoligusa ua huenda usione kitu. Mwili unajifunza kimyakimya na kuliweka kwenye kumbukumbu. Ukilishika tena, chembe za kinga zinaamka, lakini upele na malengelenge hutokea baada ya siku moja, mbili, hata tatu. Mtu aliyechuma Jumatatu anaanza kujikuna Jumatano, wakati yuko kwenye mahindi, na mahindi ndiyo yanayolaumiwa. Unga wa maua makavu nao hupeperuka, ukatua kwenye kope na shingo, sehemu ambazo hazikugusa ua lenyewe. Hivyo aliyesema "ni vumbi" hakukosea sana. Alichoacha kusema ni vumbi la nini.

Na lilikuwa linajulikana. Mwaka 1921 jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani lilichapisha taarifa ya McCord na wenzake wawili kuhusu magonjwa ya ngozi kwa wafanyakazi wa viwanda vya pareto. Wakati huo maua yalitoka Dalmatia, pwani ya Adriatiki, na Japani. Kwetu yalikuwa hayajafika. Kenya walianza kulilima mwishoni mwa miaka ya 1920, na Tanganyika ikafuata katika miaka ya 1930, kwenye mashamba ya walowezi yaliyoko miinukoni penye baridi, maana pareto haitoi maua ya kutosha kwenye joto. Kwa maneno mengine, onyo lilikuwa limeshachapishwa kabla mche wa kwanza haujapandwa kwenye milima yetu.

Halafu ikaja vita. Japani ilipoingia upande wa pili, nchi za Magharibi zilipoteza muuzaji wao mkubwa, na majeshi yaliyopigana kwenye nchi za malaria yaliihitaji dawa hiyo. Mwaka 1941 watafiti wawili wa Marekani, Goodhue na Sullivan, walitengeneza kopo la kupuliza dawa ya wadudu, babu wa makopo yote ya kupuliza tuliyonayo leo, na ndani yake mlikuwa na pareto. Maua ya Afrika Mashariki yakawa mali ya vita. Baada ya vita DDT ikashusha bei, baadaye DDT ikapoteza sifa, pareto ikarudi. Sehemu hii imeshaandikwa vya kutosha.

Kilichonishika ni utafiti wa 1972. Mitchell, Dupuis na Towers walionyesha katika jarida la Uingereza la magonjwa ya ngozi kwamba kinachosababisha mzio si hasa kile kinachoua wadudu. Ua lina piretrini, ambazo ndizo dawa, na ambazo ni kama asilimia 1 au 2 tu ya uzito wa ua kavu. Pembeni yake kuna kemikali nyingine iitwayo piretrosini, ya kundi la laktoni za seskwitapeni, lililojaa kwenye ukoo mzima wa alizeti na krisanthemu. Hiyo ndiyo mchokozi mkuu. Kiwandani maua yanaposagwa, dawa ikakamuliwa na kusafishwa, sehemu kubwa ya mchokozi huyo huachwa nyuma.

Fikiria njia ya ua hilo. Linachumwa kwa mkono Umalila, Makete au Mufindi, linaanikwa, linapakiwa kwenye magunia, linapelekwa kiwandani Mafinga, kilomita kama 80 kutoka hapa ninapoandikia. Anayenunua kopo mwishoni anapata dawa iliyosafishwa. Piretrosini yote ameishika mwenye kikapu. Tasmania, Australia, ambako nako wanalima pareto nyingi, huvuna kwa mashine. Kwetu mashine ni wanawake, na mara nyingi watoto wao.

Kuna mzunguko mwingine unaonichekesha kidogo. Piretrini za asili huharibika upesi juani, kwa hiyo wakemia walitafuta mfano wake utakaodumu. Mwaka 1973, Michael Elliott na wenzake wa Rothamsted, Uingereza, walitoa pemetrini. Leo hiyo hiyo pemetrini, kwenye krimu ya asilimia 5, ni dawa ya upele: unapaka mwili mzima kuanzia shingoni, unalala nayo, unaoga asubuhi, unarudia baada ya wiki moja hivi, na nyumba nzima inapaka siku moja. Mahali pengi bado wanatumia benzili benzoati, ile BBE inayochoma. Kwa hiyo mtoto wa maabara wa ua la pareto anaponya kuwashwa kwa aina moja, wakati ua lenyewe linaleta kuwashwa kwa aina nyingine. Ukimpa krimu ya upele mtu mwenye mzio wa pareto, humsaidii kitu, na unaweza kuichokoza ngozi ambayo tayari imechanika.

Anachohitaji ni kuacha kugusa. Dawa ya steroidi ya kupaka hutuliza, ikitumiwa kwa siku chache na kwa kipimo. Ikigeuzwa mafuta ya kila siku, kama wengi wanavyofanya na mirija inayouzwa bila cheti, ngozi inakuwa nyembamba na fangasi wanapata makazi. Kujua hasa kinachokudhuru kunahitaji kipimo cha kubandika, alichokieleza Josef Jadassohn mwaka 1895: vitu vinavyoshukiwa vinabandikwa mgongoni kwa saa 48, halafu ngozi inasomwa. Si kitu utakachokikuta kwenye zahanati ya kijiji cha pareto. Tangu 1992 kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC, Moshi, kinachofundisha matabibu wa nchi nyingi za Afrika. Kutoka Umalila hadi Moshi ni kuvuka karibu nusu ya nchi.

Na kuacha kugusa maana yake nini kwa mtu ambaye pareto ndiyo ada ya shule? Shati la mikono mirefu, kitambaa usoni wakati wa kupindua maua makavu, kunawa kwa sabuni kabla ya kushika uso, nguo za shambani zisilaliwe. Hayo yanawezekana, na ni ya bei ndogo kuliko mrija wowote wa dawa. Sijayaona kwenye karatasi hata moja ya zamani ya zao hili niliyoisoma, ingawa zinaeleza kwa kina jinsi ua linavyotakiwa kukauka.

Mama aliondoka Mufindi alipoolewa, na kuwashwa kukaisha. Lakini mwili hausahau, na alizeti ni ndugu wa pareto. Akiletewa vichwa vya alizeti kutoka shambani, anavipukuchua uani akiwa amevaa glavu za mpira, khanga imefunika pua, na akimaliza ananawa mpaka kwenye viwiko. Majirani humtania kwamba anajidai daktari. Anawaachia waseme.