Moshi wa Ndani, Moshi wa Nje: Kuchagua Jiko la Kuni Tukuyu na Ughaibuni

Waingereza waliuchukia moshi wakiwa barabarani. Kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe uliifunika London hata mabasi yakaongozwa na watu waliotangulia kwa miguu wakiwa na taa mkononi. Hesabu ya awali ilitaja vifo 4,000 hivi; watafiti wa baadaye waliifikisha 12,000. Mwaka 1956 Bunge lao likapitisha Sheria ya Hewa Safi, na halmashauri zikapewa uwezo wa kutangaza maeneo ambamo dohani hairuhusiwi kutoa moshi. Sheria ile haikuingia jikoni. Ilisimama nje ikatazama juu ya paa.

Katika kata ya Bagamoyo, mjini Tukuyu, moshi una makao mengine. Nasema Bagamoyo ya Rungwe, ya migomba na mvua, wala si ile ya Pwani ambako joto humfukuza mtu jikoni hata kabla ya moshi. Huku juu, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, mtu husogelea moto. Juni na Julai mtoto akirudi shule hukimbilia jikoni kuota moto kabla hajauliza chakula. Moshi hutafuta upenyo wa kutokea paani, na kabla haujaupata umeshapita machoni na vifuani mwa wote waliokaa. Hakuna afisa wa halmashauri anayeuona. Hata jirani hauoni, maana naye anao wake.

Nazilinganisha mila hizi mbili, ya dohani na ya mafiga, kwa sababu mjadala wetu wa majiko banifu huazima sana vipimo vya ile ya kwanza na haujakaa vya kutosha na hii ya pili. Jiko lililochaguliwa kwa kanuni za nyumba moja likipelekwa kwenye nyumba ya namna nyingine, baada ya miezi michache hutagia kuku.

Lipo jambo lisilobadilika popote pale. Mti ukipata moto hutoa gesi, na gesi hizo ndizo zinazowaka na kuleta mwali. Kinachobaki ni kaa. Moshi ni gesi na vitone vya lami vilivyokosa joto au hewa ya kutosha kuungua. Kwa hiyo moshi ni kuni ulizozinunua au kuzibeba kichwani, zikapanda hewani bila kuivisha chochote. Gesi hizo huhitaji joto la nyuzi 600 za Selsiasi hivi ili ziungue vizuri. Majiko mazuri ya Ulaya na Marekani huingiza hewa ya pili, iliyokwisha kupashwa moto, juu ya mwali; mengine huwekewa kichocheo kinachowezesha gesi kuungua kwenye nyuzi 260 hivi. Jiko la roketi, lililobuniwa na Larry Winiarski huko Oregon mwanzoni mwa miaka ya 1980, hukimbilia lengo hilo hilo kwa gharama ndogo: koo jembamba lililosimama, likazungushiwa kitu chepesi kisichonyonya joto, na kuni nyembamba zinazosogezwa taratibu kadiri ncha zinavyoungua.

Sasa leta maji. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Husemwa kwamba kuni mbichi hupoteza joto kwa kuyachemsha maji hayo, na ni kweli, lakini hasara hiyo peke yake ingevumilika. Ubaya mkubwa ni kwamba mvuke hupoza chumba cha moto, zile nyuzi 600 hazifikiwi, na gesi zinaondoka zikiwa moshi. Jiko la bei yoyote likilishwa mkaratusi mbichi halitakuwa na tofauti kubwa na mafiga.

Waingereza walichelewa kulitungia sheria jambo hili. Kwa miaka mingi waliorodhesha majiko yanayoruhusiwa katika maeneo yenye katazo, na orodha hiyo hutokana na vipimo vya maabara, ambako jiko hulishwa kuni kavu zilizopimwa unyevu. Mnunuzi akishalifikisha nyumbani, hakuna aliyemuuliza analilisha nini. Ni Mei 2021, miaka 65 baada ya sheria ya kwanza, ndipo England ilipozuia uuzaji wa kuni mbichi kwa mafungu madogo: kuni zinazouzwa kwa ujazo usiofika mita 2 za ujazo sharti unyevu wake usizidi asilimia 20. Huko Montreal, Kanada, tangu tarehe 1 Oktoba 2018 jiko la kuni ambalo halijathibitishwa kwamba chembe zake hazizidi gramu 2.5 kwa saa haliruhusiwi kuwashwa. Ndugu msomaji uliyehamia miji ya namna hiyo na unataka kuota moto wa kuni, tafuta cheti kwanza, kisha nunua jiko dogo kuliko unavyodhani unahitaji. Jiko kubwa likibanwa hewa ili liwake polepole usiku kucha hutoa moshi mwingi, hata likiwa na cheti. Jiko dogo linalowaka kwa nguvu ni safi zaidi.

Turudi Rungwe, ambako sehemu nyingi hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Kuni zitakaukia wapi? Bibi zetu walikuwa na jibu, nalo ni kichanja kilicho juu ya mafiga. Kuni za kesho hupangwa pale zikaushwe na moto wa leo, na pembeni yake huning'inizwa mahindi ya mbegu, moshi ukayakinga na fukusi. Nakiheshimu sana kichanja hicho. Moshi ule ule unaoumiza macho ndio uliokausha kuni na kuhifadhi mbegu. Sasa jiko jipya lenye bomba likiingia, moshi unaondoka na kichanja kinapoa. Kwenye wilaya kavu pengo hilo lisingeonekana. Tukuyu, baada ya majuma machache, mama hana tena kuni kavu; jiko linafuka, ugali unachelewa, naye anarudi kwenye mafiga yake, kisha analaumiwa kwamba hakuelewa mafunzo. Alielewa vizuri. Jiko aliloletewa lilimnyang'anya kikaushio, na hakuna aliyemletea kingine.

Mfano unaonigusa zaidi hautoki Ulaya. Ukiteremka kutoka Tukuyu hadi Kyela na kuvuka mto Songwe, unaingia wilaya ya Karonga nchini Malawi, kwa Wangonde, ambao kwa lugha na mila ni ndugu wa Wanyakyusa. Huko Chilumba, pamoja na Chikwawa kusini mwa nchi, ulifanyika utafiti mkubwa uliochapishwa katika jarida la Lancet, juu ya watoto zaidi ya 10,000 walio chini ya miaka 5. Familia za kundi moja zilipewa majiko ya kuni yenye feni ndogo inayopuliza hewa, pamoja na sola ya kuichaji. Kundi la pili liliendelea na moto wake wa kawaida. Maabara iliyasifu majiko yale. Lakini nimonia haikupungua: visa 15.76 kwa kila watoto 100 kwa mwaka kwenye kundi lenye majiko, na 15.58 kwenye kundi lisilo nayo. Mengi ya majiko yale yaliharibika na kuhitaji kutengenezwa, na mtoto aliyeepushwa na moshi wa chungu aliendelea kuvuta moshi wa takataka zinazochomwa na wa jikoni kwa jirani.

Matokeo yale yaliwavunja moyo wengi. Mimi nayaweka kando ya utafiti mwingine, wa nyanda za juu za Guatemala, ulioongozwa na Kirk Smith na kuchapishwa katika jarida hilo hilo mwaka 2011. Kule baridi ni kali kuliko ya kwetu, na familia zilijengewa jiko la matofali lenye bomba la moshi na bamba la chuma juu. Moshi waliouvuta watoto ulipungua kwa nusu hivi. Nimonia kwa jumla haikushuka kwa kiwango cha kuaminika, lakini nimonia kali ilipungua kwa karibu theluthi. Guatemala kulikuwa na bomba, Karonga hakukuwa nalo. Guatemala jiko lilijengwa likawa sehemu ya nyumba, Karonga lilikuwa kifaa kinachotegemea chaji. Sidai kwamba tofauti hizo mbili zinaeleza kila kitu. Ila mtu wa Bagamoyo anayeniuliza anunue nini, namwelekeza Guatemala.

Hapo linaibuka swali ambalo mafundi hubishana nalo: jiko liwe zito au jepesi? Wapishi wanataka jepesi. Udongo mnene hunyonya joto kabla halijafika kwenye sufuria, ndiyo maana yale majiko ya udongo ya Lorena, yaliyoanzia Guatemala katika miaka ya 1970 na kusambaa hadi Afrika Mashariki, wakati mwingine yalikula kuni nyingi kuliko mafiga kwenye vipimo. Wanaoota moto wanataka zito. Warusi na Wafini walijenga majiko ya matofali ya tani nzima: moto mmoja mkali kwa saa chache, moshi kidogo, kisha matofali yanaipasha nyumba joto mpaka kesho yake. Tukuyu inataka yote mawili. Chai ya alfajiri inataka moto mwepesi, wa haraka. Makande yanakaa motoni saa nyingi, na jioni ile ile kuna wazee wanaotaka joto. Jiko linalofaa huku lina koo la ndani jepesi, la matofali yenye vinyweleo au udongo uliochanganywa na pumba za mpunga, na mwili mzito kwa nje, ambamo moshi wa moto hupita kuelekea bombani na kuacha joto lake. Na pawe na nafasi ya watu kukaa. Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930 na kuandika juu ya vijiji vyao vya marika, aliona jinsi walivyothamini kula na kukaa pamoja kuliko karibu jambo lolote jingine. Jiko linalomgeuzia kila mtu mgongo halitadumu katika nyumba za watu hawa.

Bomba nalo lina deni lake. Linautoa moshi ndani na kuukabidhi kwa jirani, na Tukuyu ni mji unaoendelea kubanana. London ilijifunza hilo kwa vifo. Kwa hiyo bomba bila kuungua kikamilifu ni nusu ya kazi, na hapo mila ya dohani ina cha kutufundisha kweli.

Nasi Tanzania tumeanza kuweka mipaka. Mwaka 2023 Serikali ilitangaza kwamba taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Waingereza walichora mpaka wa moshi kwenye ramani. Sisi tumeuchora kwa idadi ya sahani. Naona sisi tumepatia. Shule ya bweni huchoma kuni kwa malori, na mpishi wake husimama kwenye moshi kutwa, mwaka mzima. Kwa wilaya yenye msitu wa Mlima Rungwe, makao ya kipunji, kima ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 2003 tu, uamuzi huo una uzito wa ziada.

Lakini kaya yenye sahani 7 imebaki na uchaguzi wake, na uchaguzi huo una gharama. Ile sheria ya 1956 haikuamrisha tu: mwenye nyumba katika eneo la katazo alirudishiwa asilimia 70 ya gharama za kubadilisha jiko lake. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, wamekuwa wakisambaza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa nusu ya bei, na majiko banifu kwa ruzuku. Huo ni mwelekeo sahihi. Gesi ichemshe chai na kukaanga mayai. Kuni zibaki kwa makande na kwa baridi. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa zizini, ambao Rungwe wanao wengi, wana njia ya tatu katika biogesi, ambayo mitambo yake kituo cha teknolojia cha CAMARTEC, Arusha, kimeishughulikia kwa miaka mingi. Familia ikichanganya nishati 2 au 3 haijashindwa. Kipimo changu ni saa ambazo mtoto anakaa kwenye moshi kwa siku, na kila saa inayoondolewa naihesabu kuwa faida.

Ningependa ruzuku hiyo ifike pia mahali ambapo mnunuzi wa jiko hafikirii kabisa: banda la kuni. Nguzo 4, mabati machache, sakafu iliyoinuliwa toka ardhini, pande zikiwa wazi upepo upite. Kuni zipasuliwe Agosti, mvua ikiwa imepungua, kwa sababu gogo zima hushikilia maji yake chini ya gome, na zile za kesho zisogezwe kando ya mwili wa jiko lenye joto, mbali na mdomo wa moto, zichukue nafasi ya kichanja cha zamani. Fundi anayeitwa Bagamoyo kujenga jiko aanze na banda hilo. Na asiwashe moto wa kwanza mpaka vipande viwili vya kuni, vikigonganishwa, vitoe mlio mkavu.