Zanzibar ilianguka, Maskati ikabaki

Ndugu msomaji, mafuta ya pikipiki inayokubeba kutoka Kondele hutoka Ghuba, hushushwa Mombasa, kisha huletwa Kisumu kwa bomba lililofika hapa mwaka 1994. Na jamaa zetu wangapi wako kule wakitafuta riziki? Basi tujiulize, hizi falme husimama kwa nini? Wengi watakwambia ni pesa tu. Mimi sikubali, manake historia ya kwetu yasema vingine.

Tazama ukoo wa Busaidi, uliotawala Zanzibar na Maskati. Zanzibar ilipata uhuru 10 Disemba 1963. Kufikia 12 Januari 1964 serikali imeanguka! Jeshi haikuwa nalo, ilikuwa na polisi tu, na askari wengi wa asili ya bara walikuwa wameachishwa kazi. Hao walijua silaha ziko wapi. Waingereza nao hawakuwa na mkataba wa kuilinda. John Okello, aliyejitangaza kiongozi, wala hakuwa mtu wa visiwani, alikuwa Mlango wa hapo jirani Uganda. Sultan Jamshid akakimbia kwa meli, Mombasa akakataliwa kushuka, akaishia Uingereza. Oman ilimkubali kuhamia 2020 tu, akafariki huko 2024.

Sasa njoo Maskati. Vita vya Dhofar vilianza 1965, na mafuta yakaanza kuuzwa nje 1967. Je, mafuta yalimwokoa Sultan Said bin Taimur? Hapana. Alibana pesa, na shule za nchi nzima zilikuwa tatu. Tarehe 23 Julai 1970 mwanawe Qaboos akampindua, Waingereza wakisaidia. Ni kweli askari wa kigeni walikuja, Waingereza na Wairani wa Shah. Lakini Qaboos pia aliwasamehe waasi walioweka silaha chini, akachimba visima, akajenga shule. Tena akawafungulia mlango Waomani waliotoka Zanzibar. Wengi wao walikuwa wamesoma, wakaingia ofisini na Kiswahili chao, na hadi leo utakisikia Maskati. Vita vikatangazwa kwisha Disemba 1975.

Mwaka 2011 vijana wa Sohar waliandamana kudai kazi. Serikali ikabadilisha mawaziri na kuahidi nafasi 50,000, na majirani wa Ghuba wakaahidi dola bilioni 10. Mei 2021, chini ya Sultan Haitham, vijana wa Sohar wakatoka tena barabarani. Dai lao? Kazi.