Kifumbatio: jina la mpira unaoshika fueli ya roketi

Vunja kashata ya karanga, kisha utazame pale ilipokatika. Aghalabu ufa umezizunguka karanga bila kuzipasua: karanga imebaki nzima upande huu, na upande wa pili limebaki shimo lake katika sukari. Mpishi wa kashata anajua sababu. Shira iliyoiva mno hukauka ikawa kama kioo. Isiyoiva hunata vidoleni na kuziachia karanga zimwagike. Karanga ni zile zile siku zote. Shira ndiyo inayoamua kashata iwe ya namna gani.

Katika roketi ya fueli yabisi, ambayo wengine huiita fueli mango, mna kitu cha jinsi hiyo hiyo. Chembe za chumvi yenye oksijeni nyingi, mara nyingi amoniamu perkloreti, hushikwa pamoja na unga wa alumini ndani ya polima ya jamii ya mpira. Kwa uzito, mpira huo ni sehemu ndogo ya mchanganyiko. Ila ukiharibika huo, roketi nzima imeharibika, nasi hatujaupa jina la kutulia katika Kiswahili.

Neno la kwanza linalomjia mtu ni gundi. Mimi nalikataa. Gundi hukaa baina ya vitu viwili na kuvishikisha, basi. Mpira wa roketi huizunguka kila chembe pande zote, hubeba nguvu zote za kuvutwa na kukandamizwa, na zaidi ya hayo huungua. Kaboni na hidrojeni zilizomo ndani yake hukutana na oksijeni ya ile chumvi, nao moto ukapata chakula. Ndivyo ilivyo sukari ya kashata: imezishika karanga, nayo yenyewe inaliwa.

Neno la pili ni kiunganishi. Hilo lina kazi yake katika sarufi, ambamo mna "na", "lakini" na "kwa sababu", na mwanafunzi akilikuta katika kitabu cha kemia atakwazika. Tena kuunga ni kuleta ncha mbili pamoja. Hapa hakuna ncha. Kuna maelfu kwa maelfu ya chembe, kila moja imefunikwa kama jiwe dogo lililofumbatwa kiganjani. Kwa hiyo napendekeza kifumbatio, kutokana na kufumbata, kwa mwisho ule ule tunaousikia katika kichujio na kifagio: kitu cha kutendea kazi.

Historia yenyewe inaliunga mkono jina hili. Mwaka 1941, huko California, kikundi cha watafiti wa roketi kilikuwa kikishindilia baruti ndani ya mirija ya chuma ili isaidie ndege kupaa. Mirija ilifanya kazi ikiwa mipya. Ikikaa siku chache ghalani, ikapata joto la mchana na baridi ya usiku, ililipuka. Baruti ile kavu ilikuwa imepata nyufa. Mwaka 1942 mmoja wao, Jack Parsons, akageukia lami: akaiyeyusha, akachanganya humo chumvi yenye oksijeni, akaimimina ikagandia ndani ya chombo. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo kila mwenye gari anaijua lami. Juani hulainika hadi malori yakaacha mifereji barabarani, na kwenye baridi kali hukatika. Baadaye katika muongo ule ule, Charles Bartley alianza kutumia mpira wa kutengenezwa, unaomiminwa ukiwa uji mzito kisha ukaiva humo humo ndani ya ganda la roketi na kushikamana nalo.

Kwa nini ufa mmoja uwe hatari hivyo? Fueli yabisi huungua juu ya uso wake tu, tabaka baada ya tabaka. Mhandisi huacha tundu katikati, pengine lenye umbo la nyota, ili apange ni eneo gani litakuwa linawaka kila sekunde, maana wingi wa gesi hutegemea eneo hilo. Ufa ni uso ambao hakuupanga. Moto ukiingia humo gesi huongezeka ghafla, shinikizo hupanda, na ganda laweza kupasuka. Kabla ya ufa kuonekana kwa macho, mara nyingi kifumbatio huwa kimeanza kubanduka kwenye chembe na kuacha vijitundu, yale yale mashimo ya karanga. Ndiyo sababu injini za aina hii hupigwa eksirei kabla ya kutumika, na vipande vya fueli huvutwa kwenye mashine ili ijulikane mpira umebakiwa na unyumbufu kiasi gani. Mpira huzeeka: oksijeni ya hewa huugusa mwaka hadi mwaka, ukawa mgumu.

Roketi mbili za pembeni za chombo cha anga cha Marekani, zile za miaka ya 1981 hadi 2011, zilibeba takriban tani 500 za fueli kila moja. Kifumbatio chake, mpira wa jamii ya polibutadieni, kilikuwa kama asilimia 12 tu. Lakini hizo ni tani 60 hivi za mpira, zilizoungua zote kwa muda wa dakika mbili.

Hata katika vilipuzi vya kijeshi polima hutumika, na huko faida yake kubwa ni usalama: tabaka laini baina ya fuwele hupunguza msuguano zinapogongwa.

Wala roketi za fueli yabisi si ngeni pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha uhuru wake, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikabeba setilaiti ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Hatua zake zote nne zilikuwa za fueli yabisi. Setilaiti ile ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru, na wanaastronomia wa dunia nzima wanalitamka hadi leo.

Nimelijaribu neno langu katika sentensi za kazi. Kifumbatio kimekakamaa. Chembe zimebanduka kwenye kifumbatio. Mimina kifumbatio kabla hakijaanza kuiva. Ulimi haukwami popote.