Nguzo za Mafinga na Mtandao Usio na Waya

Msafiri atokaye Iringa kwenda Mbeya kwa barabara kuu hufika Mafinga baada ya mwendo wa kilomita 80 hivi. Mji huu ni makao makuu ya wilaya ya Mufindi, nao umezungukwa na misitu ya kupandwa ya misonobari na mikaratusi, hasa ile ya Sao Hill, ambayo ni shamba la miti la Serikali lililo kubwa kuliko yote nchini Tanzania. Katika miti hiyo hupatikana mbao, na pia magogo marefu yaliyonyooka, ambayo humenywa maganda, hutiwa dawa, kisha hupakiwa katika malori. Hizo ni nguzo za kushikilia nyaya. Mafinga haukupata umaarufu wake kwa chuo kikuu. Vijana wake watafutao shahada huenda Iringa, Mbeya au mbali zaidi. Hata hivyo, atakaye kuelewa jinsi vyuo vikuu vya Nyanda za Juu Kusini vilivyopata mtandao usio na waya atafanya vema akianzia kwenye nguzo hizi. Maana historia ya mtandao huo, licha ya jina lake, kwa sehemu kubwa ni historia ya waya.

Ushahidi wa kwanza watoka katika lugha yenyewe. Neno simu asili yake ni Kiajemi, sim, lenye maana ya fedha na pia ya uzi wa madini, yaani waya. Katika Kiswahili neno hilo lilitumika kwa waya uchukuao habari, kwa habari yenyewe iliyopelekwa, na mwishowe kwa chombo cha kusemea. Mwaka 1901 Marconi alipokea ishara za redio zilizovuka bahari ya Atlantiki, na baadaye ufundi huo ulipoenea katika Afrika ya Mashariki, watu waliuita simu ya upepo. Tukilipima jina hilo kwa asili ya neno, maana yake ni "waya wa upepo". Maneno hayo mawili yaonekana kupingana, lakini yalisema kweli kuliko istilahi nyingi zilizofuata: upepo haukuuondoa waya, bali uliurefusha.

Jambo hilo lilidhihirika katika chuo kikuu cha kwanza kilichojaribu kupeleka maandishi ya kompyuta kwa redio. Mnamo Juni 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walianzisha mtandao ulioitwa ALOHA. Vyuo vyao vilikuwa katika visiwa mbalimbali, na kompyuta kubwa ilikuwa katika kisiwa cha Oahu. Simu za waya zilikuwa ghali, tena hazikutegemeka. Ndipo wakatumia redio kuifikia kompyuta ile. Kila kituo kilinena wakati wowote kilipotaka, na maneno ya vituo viwili yakigongana yalirudiwa. Hesabu zilionyesha kwamba kwa utaratibu huo njia haiwezi kupitisha zaidi ya sehemu 18 hivi katika kila 100 za uwezo wake. Kwa hiyo tangu mwanzo ilijulikana kwamba hewa ni mali ya shirika, na kwamba wanenaji wakizidi, hakuna asikiaye.

Kanuni itumikayo hadi leo, iitwayo 802.11, ilitolewa mwaka 1997. Kasi yake ya kwanza ilikuwa megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 ikapanda hadi 11. Mwaka huohuo kampuni zilizotengeneza vyombo hivyo ziliungana, zikatafutiwa jina la biashara, Wi-Fi, lililobuniwa kwa kuiga jina la zamani la mitambo ya santuri, hi-fi. Wanaistilahi yawapasa kulikumbuka jambo hili. Wi-Fi haikuwa kifupisho cha maneno yoyote, hivyo hakuna tafsiri ya kutafutwa ndani yake. Wanafunzi wa Iringa wasemao waifai wamefanya jambo halali kwa jina la biashara: wamelipa irabu za Kiswahili na kuliacha lilivyo.

Nchini Tanzania njia ilikuwa ndefu zaidi. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ililegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981, intaneti ilikuwa haijafika. Ilipofika katika miaka ya 1990, habari nyingi za kwenda ng'ambo zilipitia setilaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Swali la mtumiaji lilipanda huko na kushuka, na jibu vivyo hivyo. Safari yote ilichukua yapata nusu sekunde, hata kabla ya foleni. Gharama ilikuwa kubwa, na chuo kizima kiliweza kugawana njia nyembamba ambayo leo ingemtosha mtu mmoja kwa shida.

Mabadiliko yalitoka chini ya bahari. Mnamo Julai 2009 kebo ya SEACOM ilianza kazi pwani ya Afrika ya Mashariki, na mwaka 2010 ikafuata EASSy. Wakati huo Serikali ilikuwa imeanza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao tawi lake la kusini hupita Iringa na Mbeya hadi mipaka ya Zambia na Malawi. Vyuo vilikuwapo tayari. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kilianzishwa mwaka 2005 mahali palipokuwa shule ya sekondari. Taasisi ya ufundi ya Mbeya iligeuzwa kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia mwaka 2012. Ni kwa kufika kwa mkongo katika nyanda hizi ndipo waifai ya chuo ilipoweza kuwa kitu cha manufaa. Antena peke yake haileti kitabu. Hupokea tu kile ambacho waya umekifikisha hadi mlangoni.

Utaratibu wake wafanana na baraza. Kila chombo husikiliza kwanza. Kikisikia mwingine ananena hungoja, kisha husema kwa zamu. Antena moja iliyo nje huweza kusikika mita 100 hivi, lakini ukuta wa matofali huipunguza, na majani mabichi yenye maji huyanywa mawimbi yake. Basi chuo kilichozungukwa na miti huhitaji antena nyingi zaidi, na kila moja huhitaji waya wake na umeme wake. Hapo ndipo linapozaliwa kosa la gharama kubwa. Jina "lisilo na waya" humfanya mtu adhani kwamba kuongeza antena ni kuongeza mtandao. Mwanafunzi akasimama chini ya antena mpya, alama ya mawimbi katika simu yake imejaa, na ukurasa haufunguki. Alama ile hupima nguvu ya mawimbi yatokayo kwenye antena tu. Haisemi lolote juu ya upana wa waya ulio nyuma yake.

Yafaa kutazama jinsi wasemaji wa kawaida wanavyolieleza tatizo hili. Husema mtandao umekatika, au umekata; na kinachokatika ni uzi, kamba au waya. Neno mtandao lenyewe limetokana na kutanda, na ni jamaa ya utando, ule wa buibui. Hivyo lugha ya kila siku imeihifadhi picha ya nyuzi, ilhali istilahi rasmi, mtandao pasiwaya, imeikana.

Huenda ikasemwa kwamba istilahi hiyo ni sahihi, kwa kuwa mtumiaji haoni waya mkononi mwake. Hoja hiyo ina nguvu kwa mtumiaji, wala hakuna haja ya kuifuta istilahi iliyokwisha kuzoeleka. Lakini kamusi husomwa pia na wapangao bajeti, na wajengao mabweni, na walimu wafundishao ufundi huu kwa Kiswahili. Kwao fasili inayotaja kukosekana kwa waya tu itapotosha. Fasili iliyo bora ingesema: njia ya redio ya masafa mafupi imfikishayo mtumiaji kwenye waya ulio karibu. Kwa fasili hiyo, mtu wa Mafinga ajuaye nguzo zake zaenda kufanya kazi gani atatambua mara moja kwamba anapoahidiwa mtandao wa upepo, swali la kwanza la kuuliza ni waya umefika wapi.