Basi Likisimama, Abiria Hasimami

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka kuzungumzia kosa moja la kale ambalo hadi leo tunapanda nalo basi.

Mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, Aristotle, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, alifundisha kuwa kitu husogea kwa sababu kinasukumwa. Msukumo ukiisha, mwendo nao umekwisha. Simlaumu. Mkokoteni ukiacha kuusukuma, husimama. Nani angebisha?

Waliobisha walikuwapo. Katika karne ya 6, Yohane Philoponus wa Alexandria, Misri, alikataa hoja kwamba hewa ndiyo inayousukuma mshale ulioachana na upinde. Baadaye Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980, akasema kuwa kitu kilichorushwa hubeba msukumo aliokipa mrushaji, na pasipo cha kukizuia, msukumo huo usingekwisha.

Kisha akaja Galileo wa Italia. Aliviringisha vigololi vya shaba kwenye mbao zilizoinamishwa, na muda akaupima kwa maji yaliyotiririka. Aliona kuwa kinachousimamisha mwendo si kuisha kwa msukumo, bali ni kizuizi: msuguano, hewa, mlima. Kitabu chake kuhusu mambo hayo kilichapwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638, naye akiwa mzee wa miaka 74, kipofu, na amefungiwa nyumbani tangu 1633 kwa kutetea kuwa dunia inazunguka jua. Mwaka 1687 Mwingereza Isaac Newton akaliweka jambo hilo kuwa kanuni: kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kilicho mwendoni huendelea kwa kasi ileile katika mstari ulionyooka, hadi kani ikilazimishe kubadilika.

Wanafunzi wetu huikariri kanuni hiyo, wakaiandika kwenye mtihani na kupata alama. Wakitoka hapo wananing'inia mlangoni mwa basi linalokimbia, na sisi watu wazima tumo humo humo tunamhimiza dereva aongeze mwendo.

Hebu tufikiri. Dereva akikanyaga breki, breki hushika magurudumu. Hazimshiki abiria. Yeye huendelea na kasi ileile mpaka akutane na kiti, kioo au mgongo wa mwenzake. Ndiyo maana mwaka 1959 Msweden Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, alitengeneza mkanda unaokamata kifua na kiuno. Mkanda ni kani anayohitaji abiria ili asimame pamoja na gari.

Liko na jambo la pili. Katika miaka ya 1720, Mholanzi Willem 's Gravesande aliangusha vigololi vya shaba kwenye udongo laini. Kasi ilipokuwa maradufu, shimo lilikuwa na kina mara nne, si mara mbili. Kwa hesabu hiyohiyo, basi lililo katika kilomita 80 kwa saa, tangu breki zishike, huhitaji umbali wa takriban mara nne ya lile la kilomita 40 hadi lisimame. Mtoto anayevuka barabara hana umbali huo wa kumkopesha dereva.

Kwa hiyo naomba walimu waifundishe kanuni hii kwa mfano wa basi. Na wewe msikilizaji, ukipanda, tafuta mkanda, ukiukosa, uliza. Dereva akizidisha mwendo, usimshangilie. Mwambie apunguze, hata kama abiria wengine watakucheka.

Hadi juma lijalo, kwaherini.