Sambaza Alitoka Wapi?

Huko Katoyi, mtaa wa Goma, mama mwenye fedha haba hupika bugali, sombe na sambaza kidogo, na watoto wake hushiba. Lakini wazee wa zamani hawakumjua samaki huyo. Ziwa Kivu lilikuwa na samaki wa aina chache, na vijidudu vilivyoelea katikati ya ziwa havikuwa na mlaji. Basi mwaka 1959, wakati wa utawala wa Wabelgiji, samaki wachanga waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika, wakamwagwa Kivu. Wakazaa sana. Siku hizi wavuvi huwavua usiku kwa taa. Msomaji, usimdharau kwa udogo wake: huliwa mzima pamoja na mifupa, na fungu moja huonjesha nyumba nzima.